Bendi Kongwe Yenye Watu Wapya: Je, Bado ni Bendi Ileile?

Kila bendi kongwe ya roki nzito inapotangaza albamu mpya baada ya kimya cha miaka, huku mwimbaji au mpiga gitaa aliyezoeleka akiwa hayupo tena, mabishano huwa yaleyale. Wapo wanaosema jina halijabadilika na kwa hiyo bendi ni ileile. Wapo wanaosema hao ni vibarua waliovikwa joho la watu wengine. Mwaka 2024 ulichochea ubishi huu mara mbili. Mwezi Julai Deep Purple walitoa albamu iitwayo =1 wakiwa na mpiga gitaa mpya, Simon McBride, na mwezi Novemba Linkin Park wakarudi na From Zero, miaka saba baada ya kifo cha mwimbaji wao Chester Bennington, nafasi yake ikiwa imechukuliwa na Emily Armstrong.

Anayewasikiliza wabishani hao kwa utulivu atagundua kwamba mara nyingi hawajibu swali moja. Mmoja anazungumzia jina, ambalo kisheria ni mali. Mwingine anazungumzia nyimbo, ambazo nazo ni mali, lakini ya aina nyingine na pengine ya watu wengine kabisa. Wa tatu anazungumzia watu anaowasikia wakipiga na kuimba, ambao si mali ya yeyote. Vitu hivi vitatu huzaliwa kwa pamoja pale vijana wachache wanapoanza kufanya mazoezi chumba kimoja, na kwa kuwa hukaa pamoja miaka mingi, shabiki huviona kama kitu kimoja. Safu inapobadilika ndipo vinapotengana, na ndipo watu wanapoanza kugombana bila kujua kwamba kila mmoja ameshika kipande chake.

Tuanze na maana za maneno. Roki nzito ni tawi la muziki wa roki lililokomaa mwishoni mwa miaka ya 1960 na mwanzoni mwa miaka ya 1970, hasa nchini Uingereza na Marekani, ambalo nguzo zake ni gitaa la umeme lililopitishwa kwenye kikuza sauti hadi mlio wake ukwaruze, ngoma zinazopigwa kwa nguvu, na rifu, yaani kipande kifupi cha gitaa kinachojirudia na kuubeba wimbo. Safu ni orodha ya wanamuziki wanaounda bendi katika kipindi fulani; Deep Purple, walioanza mwaka 1968, wamebadili safu mara nyingi kiasi kwamba mashabiki wao huzipa namba. Albamu ya kurejea ni albamu ya nyimbo mpya zilizorekodiwa studio baada ya bendi kuvunjika, kufiwa au kukaa kimya kwa muda mrefu. Mkusanyiko wa nyimbo za zamani si albamu ya kurejea, wala rekodi ya tamasha si albamu ya kurejea, ingawa matangazo ya biashara hayachoki kuzichanganya.

Watetezi wa safu mpya hupenda kutoa mfano wa timu ya mpira: wachezaji wote wa miaka ishirini iliyopita wameondoka, lakini hakuna anayesema timu imekufa. Mfano huu unasaidia hadi hapo tu. Mchezaji anapohama, mabao aliyofunga hubaki kwenye kumbukumbu, na mrithi wake hatakiwi kuyafunga tena mabao yaleyale kila Jumamosi. Mwanamuziki mpya, kinyume chake, hupanda jukwaani kila usiku kurudia kazi iliyotungwa na mwenzake aliyeondoka, mbele ya watu wanaoijua kazi hiyo kwa moyo. Ndiyo maana katika muziki suala la nani alitunga nini ni zito kuliko suala la nani amevaa jezi.

Kuhusu jina, dhana potofu iliyoenea zaidi ni kwamba mwanzilishi analimiliki popote aendapo. Rod Evans aliliona hilo kwa gharama kubwa. Evans ndiye aliyekuwa mwimbaji wa kwanza wa Deep Purple, na sauti yake imo katika albamu zao tatu za mwanzo. Bendi ilivunjika mwaka 1976, na mwaka 1980 Evans akajitokeza na wanamuziki wasiojulikana, akaanza kufanya matamasha kwa jina la Deep Purple. Watu walilipa kiingilio wakitarajia kuwaona wale waliowajua kwenye rekodi, wakakuta sura moja tu yenye uhusiano wowote na bendi hiyo, tena ya mtu aliyeondoka kabla bendi haijapata umaarufu wake mkubwa. Mahakama mjini Los Angeles iliamuru walipwe fidia wenye haki ya jina, jumla ya dola 672,000. Mtu aliyekuwepo siku bendi inazaliwa alihukumiwa kuwa hana ruhusa ya kulitumia jina lake.

Sababu ni kwamba jina la bendi hulindwa kama alama ya biashara, na thamani ya alama ya biashara imo katika imani ya wateja: mtu akiliona jina kwenye tiketi, anatarajia kitu fulani. Imani hiyo hujengwa na kikundi, si na mtu mmoja mmoja. Mahakama Kuu ya Uingereza ililieleza jambo hili vizuri mwaka 2003 katika kesi ya bendi ya Saxon. Graham Oliver, aliyekuwa mpiga gitaa, na Steve Dawson, aliyekuwa mpiga besi, walikuwa wameondoka kwa nyakati tofauti, kisha wakasajili jina Saxon kama alama yao. Mwimbaji Biff Byford, ambaye hakuwahi kuondoka, akapinga. Mahakama ilisema kwamba wanamuziki wanaoanzisha bendi bila mkataba wa maandishi kwa kawaida ni wabia, na jina ni mali ya ubia wote. Mbia anapotoka hawezi kukata kipande cha jina akatembea nacho, kama ambavyo hawezi kukata kipande cha gari la kampuni. Byford na wenzake wapya walikuwa wameendelea kutoa albamu na kufanya ziara kwa miaka mingi, na imani ya wateja ilikuwa imehamia kwao. Usajili wa Oliver na Dawson ukafutwa.

Hukumu hiyo inafundisha kitu ambacho mashabiki wengi hawakipendi: sheria haihesabu ni waanzilishi wangapi waliobaki. Huangalia mkataba, na pasipo mkataba huangalia nani ameendelea kufanya kazi kwa jina hilo. Bendi zilizokuwa na busara, au zilizokuwa na mawakili, huandika mapema kwamba anayeondoka anaacha jina mlangoni. Bendi nyingi za miaka ya 1970 hazikuandika chochote, kwa kuwa vijana wa umri wa miaka ishirini hawadhani kwamba watakuja kuumizana.

Mambo yanapofika pabaya, mnunuzi anaweza kukuta bendi mbili zenye jina moja sokoni. Hilo lilitokea kwa Queensrÿche wa Marekani. Mwaka 2012 bendi ilimtimua mwimbaji wake Geoff Tate na kumchukua Todd La Torre; Tate naye akaunda kikosi chake, na wakati kesi ikiendelea mahakama iliziruhusu pande zote mbili kutumia jina. Matokeo yake, mwaka 2013 zilitoka albamu mbili za Queensrÿche, kila moja ikiwa na safu yake, kila moja ikidai kuwa ndiyo halisi. Mwaka 2014 walipatana: jina likabaki kwa wapiga ala waliomtimua Tate, naye akahamia kwenye jina jingine. Katika mwaka ule mmoja jina lilikuwa limepoteza kazi yake kabisa, maana halikumwambia mteja chochote kuhusu kilichomo ndani.

Kinyume chake pia hutokea, watu walewale wakaja bila jina. Mwaka 2009 ilitoka albamu iitwayo The Devil You Know, iliyopigwa na Tony Iommi, Geezer Butler, Ronnie James Dio na Vinny Appice. Safu hiyo ilikuwa imewahi kurekodi albamu mbili kamili kama Black Sabbath, lakini safari hii walijiita Heaven & Hell ili kujitenga na enzi za mwimbaji wa kwanza wa bendi hiyo, Ozzy Osbourne. Miaka minne baadaye Black Sabbath wenyewe walitoa albamu iitwayo 13, ya kwanza ya studio wakiwa na Ozzy tangu mwaka 1978, ikashika nafasi ya kwanza Uingereza na Marekani. Hapo jina lilikuwepo, mwimbaji alikuwepo, lakini mpiga ngoma wa asili, Bill Ward, hakuwepo kwa sababu hawakuelewana kuhusu mkataba, na ngoma zikapigwa na Brad Wilk wa Rage Against the Machine. Ukitaka kupanga ipi kati ya albamu hizo mbili ni ya Black Sabbath zaidi, kipimo cha jina na kipimo cha watu vitakupa majibu yanayopingana.

Tukiacha jina, tunafika kwenye nyimbo, na hapa ndipo ninapodhani jibu la maana hupatikana. Kila wimbo uliorekodiwa una haki za aina mbili. Ya kwanza ni haki ya utunzi, yaani maneno na muziki wenyewe, ambayo ni ya watunzi waliotajwa. Ya pili ni haki ya rekodi, yaani ule mlio ulionaswa studio siku fulani, ambayo mara nyingi hushikiliwa na kampuni ya kurekodi. Mwimbaji mpya anapoimba wimbo wa zamani jukwaani, mrabaha wa utunzi huenda kwa watunzi au kwa warithi wao, hata kama mtunzi aliondoka kwa ugomvi au amekufa. Yeye aliyeimba hulipwa kadiri alivyokubaliana na bendi: wengine hupata mgao wa mapato ya ziara, wengine ni waajiriwa wa mshahara tu. Kwa hiyo lawama ya kwamba mgeni amekuja kula jasho la marehemu haina msingi katika upande wa utunzi. Albamu mpya ndiyo mlango pekee unaoweza kumwingiza mgeni kwenye orodha ya watunzi, na hata huo haufunguki wenyewe.

Tazama AC/DC, bendi iliyoanzia Sydney mwaka 1973 mikononi mwa ndugu wawili, Malcolm na Angus Young. Mwimbaji wao Bon Scott alifariki London mwezi Februari 1980. Kufikia Julai mwaka huohuo walikuwa wametoa Back in Black wakiwa na Brian Johnson, na albamu hiyo imekuwa miongoni mwa zilizouzwa zaidi katika historia ya muziki. Inaanza kwa kengele inayogongwa polepole, mara baada ya mara, kabla gitaa halijaingia chini yake na kabla sauti ya mgeni haijasikika. Hiyo ndiyo maombolezo yao, na baada ya hapo hawageuki nyuma. Katika albamu ile Johnson anatajwa kama mtunzi pamoja na ndugu hao wawili. Lakini kuanzia The Razors Edge ya mwaka 1990 nyimbo zimeandikwa kwa majina ya Angus na Malcolm peke yao. Mtu mmoja, bendi moja, kiti kilekile, lakini nafasi katika utunzi ikabadilika.

Kisa cha Malcolm kinaonyesha zaidi. Yeye hakuwa kipenzi cha kamera. Alisimama nyuma karibu na ngoma akipiga gitaa la mdundo, wakati Angus akikimbia jukwaani na sare yake ya shule. Hata hivyo mdundo ule mkavu, unaopigwa kisha ukanyamazishwa ghafla ili ngoma zisikike katikati yake, ndio unaomfanya msikilizaji aitambue bendi kabla hata ya mtu kuimba. Mwaka 2014 maradhi ya kupoteza kumbukumbu yalimlazimisha kuacha, na nafasi yake akachukua Stevie Young, mtoto wa kaka yao, ambaye alikwisha kumshikia nafasi kwenye ziara mwaka 1988. Malcolm alifariki mwezi Novemba 2017. Miaka mitatu baadaye ikatoka Power Up, na nyimbo zote zimetajwa kuwa ni utunzi wa Angus na Malcolm, kwa sababu zilijengwa juu ya rifu ambazo ndugu hao walikuwa wamezihifadhi kwa miaka. Aliyepiga ni mwingine, lakini mkono uliozitunga ni uleule. Kwa hesabu ya watu, safu imebadilika. Kwa hesabu ya utunzi, hiyo ni AC/DC kuliko bendi nyingi ambazo hazijapoteza mtu.

Mfano wa Black Sabbath unakwenda upande huohuo. Tony Iommi ndiye mtu pekee aliyemo katika albamu zao zote za studio. Akiwa na umri wa miaka 17 mashine ya kiwanda cha mabati mjini Birmingham ilimkata ncha za vidole viwili vya mkono wa kulia, na kwa kuwa anapiga kwa mkono wa kushoto, vidole hivyo ndivyo vinavyobana nyuzi. Alijitengenezea vifuniko vya plastiki vya kuvalisha vidole, akatafuta nyuzi nyembamba, na baadaye akazilegeza zaidi ya kawaida ili zisimwumize, jambo lililoushusha mlio wa gitaa ukawa mzito na wa giza. Waimbaji wamekuja na kuondoka, kuanzia Ozzy hadi Dio, Ian Gillan na Tony Martin, lakini ule uzito unatoka kwenye vidole vile vile. Mwaka 1986 Iommi alikusudia kutoa albamu kwa jina lake binafsi, akashinikizwa itoke kama kazi ya Black Sabbath akimshirikisha Tony Iommi. Ni kichekesho cha biashara, mtu kushirikishwa katika bendi yake mwenyewe, lakini kinaonyesha wazi kwamba jina lilikuwa likitumika kuuza na si kueleza.

Hii haina maana kwamba mwimbaji si kitu. Dhana ya kwamba sauti ndiyo bendi ina chembe ya ukweli, kwa kuwa sauti ya binadamu ndiyo kitu cha kwanza sikio linachokishika, na maneno ya wimbo hukaa kinywani mwa aliyeyaimba kwanza. Lakini rekodi haiungi mkono dhana hiyo kikamilifu. Van Halen waliachwa na mwimbaji wao David Lee Roth mwaka 1985, wakamchukua Sammy Hagar, na albamu ya 5150 ya mwaka 1986 ikawa ya kwanza kwao kushika nafasi ya kwanza Marekani. Eddie Van Halen na gitaa lake walikuwa bado wapo. Mwaka 1998, Eddie akiwa yupo vilevile, walitoa albamu na mwimbaji wa tatu, Gary Cherone, ambaye hakudumu zaidi ya albamu hiyo moja. Kwa hiyo uwepo wa mtunzi mkuu si dhamana ya mafanikio. Unachothibitisha ni kwamba chanzo cha muziki hakijabadilika, na chanzo kilekile kinaweza kutoa albamu nzuri leo na dhaifu kesho.

Kuna dhana nyingine ninayoiona kuwa hatari zaidi kwa mnunuzi, kwamba safu ya asili ikirudi, basi kazi ni halisi. Mwaka 1998 KISS walitoa Psycho Circus, ikitangazwa kama albamu ya wanachama wanne wa mwanzo waliokuwa wameungana tena. Ndani ya studio, hata hivyo, mpiga gitaa Ace Frehley na mpiga ngoma Peter Criss walipiga sehemu ndogo sana. Kazi kubwa ilifanywa na wanamuziki wa kukodi, akiwemo Tommy Thayer. Mwaka 2009 bendi ikatoa Sonic Boom, safari hii Thayer akiwa mwanachama rasmi pamoja na mpiga ngoma Eric Singer, na waliopo kwenye jalada ndio waliopiga. Mashabiki wengi waliiita ya kwanza kuwa ni KISS halisi na ya pili kuwa ni KISS bandia. Kwa upande wa nani alipiga ala, mambo yalikuwa kinyume.

Hata neno mpya linahitaji kuangaliwa. Van Halen waliporudi na Roth mwaka 2012 katika A Different Kind of Truth, huku Wolfgang, mtoto wa Eddie, akipiga besi, nyimbo kadhaa zilijengwa juu ya rekodi za majaribio walizozifanya miaka ya 1970. Sioni ubaya wowote. Rifu nzuri haiozi. Ila anayesema kwamba bendi imerudi na makali yaleyale ya ujana anapaswa kujua kwamba sehemu ya makali hayo ni ya ujana kweli.

Kwa hiyo albamu ya namna hii ikitoka, jalada si mahali pa kutazama kwanza. Orodha ya watunzi na wapigaji, ambayo huchapishwa kwa herufi ndogo ndani, husema mengi zaidi. Chukua hizo mbili za mwaka 2024. Katika =1 mpiga ngoma Ian Paice ndiye pekee aliyekuwemo tangu mwaka 1968; Ian Gillan na Roger Glover waliingia mwaka uliofuata; mpiga kinanda Don Airey alirithi nafasi ya Jon Lord miaka mingi iliyopita, na McBride aliingia mwaka 2022. Jina halina mgogoro, na mabadiliko yamekuja mmoja mmoja, kila mgeni akijifunza kwa waliomtangulia. Mimi sioni namna ya kuikana hiyo kuwa kazi ya Deep Purple, ingawa anayelitafuta gitaa la Ritchie Blackmore, mpiga gitaa wao wa asili, hatalipata humo.

Linkin Park ni suala gumu zaidi, kwa kuwa aliyetoweka ni sauti iliyobeba hisia za nyimbo zao zote zinazojulikana, na pengo halikuzibwa taratibu bali kwa mara moja baada ya miaka saba. Mike Shinoda, mmoja wa waanzilishi na watunzi wakuu, yupo. Mpiga ngoma wa mwanzo, Rob Bourdon, hakurudi, na kiti chake amekalia Colin Brittain. Mpiga gitaa Brad Delson naye yupo nusu: anashiriki kazi ya studio lakini hasafiri na bendi, na ziarani gitaa hushikwa na Alex Feder. Anayenunua albamu atamsikia Delson, na anayenunua tiketi atamwona Feder.